Mama, Jifunze Kufuatilia Haki za Mtoto Mwenye Ulemavu, Kisha Msaidie na Jirani

Leo sitazungumzia homa wala chanjo. Nitazungumzia kazi ambayo haina sare wala ofisi, na ambayo hapa kwetu Magongo inafanywa na watu wachache mno. Ni kazi ya kumshika mkono mama mwenye mtoto mlemavu na kwenda naye ofisi hadi ofisi mpaka apate kile ambacho serikali imekwisha kusema ni chake.

Huenda unajiuliza, muuguzi ana shughuli gani na mambo ya ofisi? Nitakueleza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi ya viungo kila wiki. Mtoto mwenye kifafa hafai kukosa dawa hata siku moja. Sasa mama anakuja kliniki mara mbili, mara ya tatu simwoni. Nikimfuata nyumbani, Chaani au Kwa Hola au kule Magongo Mwisho, nakuta hakuna siri yoyote. Nauli imekwisha. Kumbeba mtoto wa miaka saba mgongoni mpaka barabarani kumemuumiza kiuno. Makonda wa matatu wamemwambia alipie viti viwili. Hapo mimi naweza kuandika dawa mpaka kalamu iishe wino, mtoto hatapona kwa karatasi. Anachohitaji mama huyo ni pesa kidogo ya kila mwezi, kiti cha magurudumu, na mtu anayejua mlango wa kubisha.

Milango ipo. Nianze kwa kuitaja, maana wengi hawaijui.

Kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoanzishwa kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003. Baraza ndilo linalotoa kadi ya usajili. Kuna Mfuko wa Maendeleo wa Kitaifa wa Watu Wenye Ulemavu, ulio chini ya Baraza hilo, ambao husaidia karo, vifaa kama viti vya magurudumu na magongo, na mitaji ya vikundi. Kuna mpango wa Inua Jamii, ambao ndani yake ziko fedha za watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza 2011. Kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba. Kwa watoto wenye ualbino kuna mafuta ya kukinga jua yanayotolewa bila malipo. Kwa upande wa shule kuna vituo vya tathmini ya elimu, maarufu kama EARC, ambavyo vimekuwepo nchini tangu 1984; hapo mtoto hupimwa ili ijulikane anafaa shule ya kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu kama ile ya Port Reitz. Na mtu mzima mwenye ulemavu anayefanya kazi ya mshahara anaweza kuomba asikatwe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Hilo la kodi halitawahusu wengi wetu, lakini lijue. Huenda jirani yako ni mwalimu asiyeona na hajaliomba.

Nyuma ya yote hayo ipo Katiba ya 2010. Ibara ya 54 inataja haki za mtu mwenye ulemavu, na ibara ya 43 inataja haki ya kila mtu kupata hifadhi ya jamii. Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake ulipelekwa Seneti na Crystal Asige, seneta ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Nalitaja hilo kwa sababu wapo akina mama wanaoingia ofisini wakiwa wameinamisha kichwa kama watu wanaoomba sadaka. Mama, sadaka ni jambo jingine. Hili limeandikwa katika sheria.

Basi, kwa nini watu hawapati? Sababu ya kwanza ni kuficha. Bado tuna nyumba ambazo mgeni akija mtoto huingizwa chumba cha ndani. Wengine wameambiwa ni jini, wengine ni laana ya ukoo, wengine baba mtu ameondoka kabisa akisema kwao hawazai hivyo. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sheria ya 2003 tayari iliharamisha kumficha mtu mwenye ulemavu hadi akakosa huduma zake. Lakini mimi sipendi kuanza na kumtisha mama kwa sheria. Mara nyingi anaficha kwa sababu ya aibu aliyotiwa na watu wengine.

Sababu ya pili ni kwamba njia ni ndefu, na kila hatua inamwangusha mtu. Hapo ndipo anapohitajika mtetezi.

Mtetezi ninayemsema si wakili. Tuelewane hapo mapema. Ukijiita wakili na hujasomea uwakili unaweza kujikuta mahakamani wewe mwenyewe. Huyu ni mtu wa kawaida, mara nyingi mama ambaye ana mtoto kama huyo nyumbani, anayejua utaratibu, anayeandika vizuri, asiyeogopa foleni, na anayeweza kutunza siri. Nchi nyingine kazi hii ina historia ndefu. Uingereza wana vituo vya Citizens Advice vilivyoanza 1939, ambako watu wengi wa kujitolea huwaeleza raia haki zao bila malipo. Marekani mtu asiye wakili anaweza kukubaliwa kumwakilisha mlemavu mbele ya ofisi ya malipo ya jamii, na akishinda analipwa sehemu ya malimbikizo, kwa kawaida robo, ila isizidi kiwango kilichowekwa, ambacho mwishoni mwa 2024 kiliwekwa kuwa dola 9,200. Kule watu wanaishi kwa kazi hiyo. Huku kwetu hesabu ni nyingine, nami nitaifikia.

Anza na mtoto wako mwenyewe. Sijaona mtu akiongoza wengine vizuri katika njia ambayo hajaipita.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako, picha ndogo za pasipoti, kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na kila karatasi ya hospitali uliyo nayo. Usitupe hata risiti. Cheti cha kuzaliwa ndicho huwakwamisha wengi, hasa waliojifungulia nyumbani au waliohamia Magongo kutoka mbali kufuata kazi za bandarini na za viwandani. Ukikuta mama hana cheti, acha mengine yote, muanzie hapo.

Hatua ya pili ni tathmini ya ulemavu. Hufanywa na madaktari katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa. Ukiwa Magongo, kaulize kwanza Port Reitz. Wasipokufanyia, watakuelekeza Hospitali ya Rufaa ya Pwani kule Makadara. Uliza kwanza siku za tathmini, kwa maana si kila siku jopo la madaktari hukaa. Kumbeba mtoto mpaka kule ukaambiwa urudi Alhamisi ni adhabu ambayo simu moja ingeiepusha.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watoto wengi wakipoteza haki yao, na kosa si la daktari wala la mtoto. Sisi watu wa pwani tumelelewa kushukuru. Daktari anauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Mama anajibu, "Alhamdulillahi, hajambo, tunashukuru." Au anasema, "Mungu ni mwema, anaendelea vizuri." Daktari anauliza, "Anakula?" Mama anajibu, "Anakula." Na kweli anakula, lakini kulishwa kijiko cha uji kunachukua saa nzima, akipaliwa mara tatu, na lazima mtu amshike shingo. Daktari ana watu arobaini nje. Anaandika: anakula. Anaandika: anaendelea vizuri. Ulemavu unaandikwa kuwa mdogo, nao ni mkubwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayosafiri kutoka ofisi hadi ofisi, na hakuna ofisi itakayokuja nyumbani kwako usiku kuona jinsi unavyohangaika.

Kushukuru Mungu hakuna ubaya. Lakini mbele ya jopo la tathmini hutakiwi kusalimiana, unatakiwa kutoa ushahidi. Kwa hiyo nawafundisha akina mama kuandika daftari la siku. Chukua daftari la mtoto wa shule, la kurasa 32 linatosha. Kwa siku kumi na nne andika saa ngapi umeamka, mara ngapi umembadilisha, kulisha kumechukua muda gani, ameanguka mara ngapi, degedege limemshika saa ngapi na limechukua dakika ngapi, umelala saa ngapi. Kama hujui kuandika, mwanao mkubwa akuandikie, au ujirekodi kwa simu. Siku ya tathmini usiseme "vizuri". Sema: "Daktari, hawezi kukaa bila kushikiwa. Hawezi kwenda choo. Hajui moto unaunguza. Nikienda dukani lazima nimwachie mtu." Eleza siku mbaya na siku nzuri, na useme siku mbaya ni ngapi kwa wiki. Usiongeze chumvi. Daktari anajua kupima misuli na macho, na ukidanganya katika moja hataamini la pili.

Kazi ya mtetezi siku hiyo ni ndogo lakini nzito. Anamkumbusha mama. Anakaa naye kwenye benchi na kumwambia, "Mama Fulani, lile la usiku umelisahau." Hamsemei mama akiwepo, na hamsemei mtoto mkubwa anayeweza kujisemea mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na mitano asiyetembea lakini mwenye akili timamu, muulize yeye. Nimeona watu wakizungumza juu ya kichwa cha kijana kama vile ni meza.

Hatua ya tatu ni usajili wenyewe. Baraza lina maafisa wake katika kaunti na katika vituo vya Huduma. Cha Mombasa kiko Posta Kuu pale mjini. Siku hizi sehemu ya shughuli hupitia eCitizen, kwa hiyo mama asiye na simu ya intaneti huenda saiba. Hapo kuwa macho. Mwenye saiba anastahili pesa ya kupiga chapa na kuskani. Hastahili kubaki na nambari ya siri ya mama. Na kadi ya Baraza haiuzwi. Mtu akikuambia kadi ni shilingi elfu mbili au tatu na ana mtu wake ndani, huyo ni dalali.

Baada ya kadi, wengi hudhani pesa za Inua Jamii zitaanza kuingia. La. Kadi ni jambo moja na Inua Jamii ni jambo lingine. Inua Jamii iko chini ya Idara ya Hifadhi ya Jamii, na majina hayaandikwi kila siku. Serikali ikifungua nafasi, watu huorodheshwa mitaani kupitia kwa chifu, naibu wake, na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Huangaliwa kama nyumba ni maskini kweli, kama mtu huyo anahitaji kuangaliwa mchana na usiku, na kama nyumba haipokei tayari fedha nyingine za namna hiyo, mfano zile za mayatima au za wazee. Kwa hiyo mama aliye na kadi, karatasi zake zikiwa tayari kwenye bahasha, na jina lake likijulikana kwa mzee wa mtaa, ndiye atakayekutwa siku hiyo. Mama aliyejificha hatakutwa. Mwambie aende barazani hata kama ajenda ni maji taka.

Na akishaingia, kazi haijaisha. Njia ya malipo imebadilika mara kadhaa, benki hadi simu, na kila ikibadilika wapo wanaoachwa nje. Uhakiki wa walio hai ukifanywa, asiyejitokeza husimamishwa. Bibi aliyeandikishwa kuwa mlezi akifa, pesa za mjukuu hukwama mpaka mlezi mwingine aandikwe, na familia nyingi katika msiba hazifikirii hilo. Pesa zenyewe mara nyingi huja zikiwa zimerundikana za miezi miwili au zaidi. Nikiulizwa, shilingi 2,000 hazitoshi. Kwa mtoto anayevaa nepi akiwa na miaka kumi, hazifiki hata nusu ya mwezi. Lakini ni nauli ya kliniki, na mimi muuguzi naihesabu nauli ya kliniki kuwa ni dawa.

Msajili pia mtoto na familia yake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wengine bado wanatembea na kadi ya NHIF wakidhani wamekatiwa bima. Wanashangaa hospitalini.

Haya, umepita njia yako mwenyewe. Jirani amesikia. Amekuja jioni na bahasha yake chini ya leso. Utaanzaje?

Anza na familia tatu, usizidishe. Uwe na daftari moja, na kila familia iwe na kurasa zake. Andika tarehe uliyokwenda, ofisi gani, umezungumza na nani, amesema nini, na urudi lini. Hilo la jina la afisa usiliache. "Walisema" haina nguvu. "Afisa fulani alisema tarehe 12 nirudi baada ya wiki mbili" ina nguvu. Karatasi za asili zibaki kwa mwenyewe. Wewe kaa na fotokopi tu. Kamwe usishike kitambulisho cha mtu, kadi yake ya benki, wala nambari yake ya siri ya M-Pesa, hata akikuomba, hata akiwa dada yako. Siku pesa zikipotea utakuwa wa kwanza kutajwa.

Siri ni siri. Utajua kwamba mtoto ana kifafa, kwamba baba mtu amekimbia, kwamba mama anameza dawa za virusi. Ukilipeleka hilo kwenye mfereji wa maji, kazi yako Magongo imekwisha. Kenya pia ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya mtoto mlemavu uliyoipiga ukaitawanya kwenye simu za watu bila ruhusa ya mzazi si msaada tena.

Jitambulishe kwa watu wanaohusika. Nenda kwa chifu, nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii, nenda zahanati. Sema unafanya nini. Wajue wahamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako, wale waliopewa mabegi Septemba 2023, kwani wao wanaingia nyumba kwa nyumba na wanajua vyumba vya ndani viko wapi. Serikali kuu na kaunti ziliahidi kuwalipa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kwa nusu. Wewe hutapata hiyo, isipokuwa siku moja uchaguliwe kuwa mmoja wao. Lakini mkifanya kazi pamoja, mtoto anaonekana mapema. Mtoto mwenye mguu kifundo akionekana wiki za kwanza, plasta na viatu maalumu humnyoosha mguu, na hatahitaji kadi yoyote ukubwani. Hilo kwangu ndilo bora kuliko yote.

Sasa ile hesabu. Je, utakula nini? Akina mama huniuliza hili kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dhambi kuuliza. Si dhambi. Kumtoza mama asilimia katika shilingi 2,000 siikubali, na sitaibadilisha kauli hiyo. Kule Marekani robo ya malimbikizo ya miaka miwili inaweza kulipa kodi ya ofisi. Hapa robo ya pesa ya Inua Jamii ni uji wa mtoto. Mnaweza kukubaliana kwamba mwenye shida atakulipia nauli na fotokopi, na muandike. Zaidi ya hapo, tafuta kwingine.

Kwingine ni wapi? Njia ninayoiona ikifanya kazi ni kikundi cha wazazi. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Mkisajiliwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii, mnaweza kufungua akaunti, kuomba mtaji kwa ule mfuko wa Baraza, kufanya biashara ya sabuni au viazi karai, na kumlipa mmoja wenu nauli na chakula cha mchana siku anapowapeleka wengine ofisini. Kikundi kina faida nyingine, mama mmoja anaweza kuwabakia watoto watatu siku wenzake wako kwenye foleni. Pili, kuna mashirika. Chama cha APDK, ambacho karakana zake za Bombolulu ziko tangu 1969, na muungano wa UDPK ulioanzishwa 1989, ni miongoni mwa yale yanayofanya kazi na watu wenye ulemavu. Mashirika ya namna hii yanapotafuta mtu wa mashinani humtafuta aliyekwisha kuonekana akifanya kazi. Daftari lako ndilo litakuwa barua yako ya kazi. Tatu, kuna kusoma. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi chini ya wakili au shirika lililoidhinishwa. Kuna mafunzo mafupi ya mashirika na kuna diploma katika Kenya School of Law, Nairobi. Diploma inataka karo na matokeo mazuri ya kidato cha nne, kwa hiyo si ya kila mtu. Lakini yupo binti hapa mtaani anayemlea ndugu yake, amemaliza shule na amekaa. Huyo ndiye ninayemwambia.

Na mkikataliwa? Mtakataliwa. Usigombane dirishani, askari wa mlangoni atakukumbuka kwa ubaya. Omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu zilizoandikwa. Kama ni habari tu unatafuta, kwa mfano jina la mtoto limefika wapi, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Andika barua fupi, peleka nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri. Barua yenye muhuri hujibiwa haraka kuliko machozi. Wasipojibu, ipo Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali bila malipo. Kwa mambo ya sheria yaliyokushinda, wapelekee Kituo cha Sheria au MUHURI, wote wanafanya kazi hapa Mombasa. Kujua mahali pa kukabidhi ni sehemu ya kazi.

Wakati mwingine aliyekataliwa alikataliwa kwa haki. Mtoto mwenye jicho moja linaloona vizuri hatapewa fedha za ulemavu mkubwa, hata mama akilia. Mwambie ukweli mapema, kisha mtafutie kinachomfaa, labda miwani, labda kiti cha mbele darasani.

Kabla sijamaliza, neno kwa kina baba, kwani nyumba nyingi za Magongo zinakula kutokana na makontena na viwanda. Baba akiumia kazini, mkono ukasagwa au mgongo ukavunjika, hiyo ni sheria nyingine, ile ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Mwajiri lazima aarifiwe na ajali iandikwe, na madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mtu akiachwa na ulemavu wa kudumu usiomruhusu kufanya kazi tena kabisa, fidia yake huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Nimekutana na wake za watu walionyamaza mwaka mzima kwa sababu msimamizi alileta kilo kumi za unga na kusema mambo yatashughulikiwa. Pokea unga, useme asante, na kesho yake uende ofisi ya usalama kazini na karatasi za hospitali.

Mama uliye na mtoto ambaye hajafanyiwa tathmini, tafuta daftari leo jioni uanze kuandika zile siku kumi na nne. Ukilimaliza, njoo nalo kliniki, tulisome pamoja kabla hujaenda kwenye jopo. Njoo na mtoto, na kitabu chake, na kama kuna jirani anayejua kuandika barua, njoo naye pia. Kipindi kijacho tutazungumza juu ya degedege: la kufanya mtoto anaposhikwa, na vitu ambavyo hatutakiwi kumtia mdomoni.